Nusu Ndoo

Newala, saa nne usiku, mtandao unapatikana
juu ya kinu kilichopinduliwa, nyuma ya jiko,
ukisimama kwa ncha za vidole na kuelekea Masasi.
Hapo ndipo nilipo, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili,
shati linanuka salfa ya mikorosho,
nabonyeza namba aliyoniandikia nesi
nyuma ya cheti cha dawa.

Inaita. Naomba isipokelewe.

"Naitwa Twahira. Nakusikiliza."

Nikasema mtandao mbaya.
Nikasema salfa mwaka huu imechelewa.
"Ndiyo," akasema,
kisha akanyamaza kama mtu aliyeacha mlango wazi
akaenda zake kukaa ndani.

Basi nikaingia.
Mama yangu leo siku ya tisa hajaoga.
Dada yupo Tandahimba, ana mgonjwa wake.
Mke wangu kaondoka tangu Mfungo Sita,
kasema alioa mtu, hakuolewa na ukoo.
Nimebaki mimi, mwanamume, na kanga za mama.
Nikileta maji anapiga yowe, majirani wanatoka na tochi.
Ananiita Mjomba.
Mjomba, toka! Mjomba, unatazama nini?
Wanasema karogwa. Wengine wanasema namtesa.
Leo kanikwaruza,
na leo mimi nimemshika mkono kwa nguvu.

Hilo la mwisho nililisema kwa sauti ya mende.

"Mkono wake una alama?"
Hauna. Nimeangalia mara tatu.
"Na wako?"
Wangu sikuwa nimeutazama.
Nikautoa kwenye mwanga wa simu: mistari minne, damu imekauka.
"Pole, kaka Dadi," akasema,
na kinu kikatikisika kidogo chini yangu.

"Maji unamletea kiasi gani?"
Mabeseni mawili, yamejaa.
Siku hizi tuna bomba, nikasema, kwa majivuno kidogo.
"Na kabla ya bomba?"

Kabla ya bomba
kulikuwa na bonde, na ule mteremko wa Shimo la Mungu
ambao mbuzi mwenyewe huufikiria mara mbili.
Mama alishuka kabla ya jogoo,
akapanda jua likiwa utosini,
ndoo kichwani, mimi mgongoni,
majani mabichi juu ya maji yasiruke.
Ndoo hiyo ilipika, ilinywesha.
Maji yaliyonawia uso yaliosha vyombo,
yaliyoosha vyombo walikunywa kuku.
Siku moja nilimwaga kikombe. Kikombe tu.
Alama ya mwiko ninayo hadi leo, hapa, juu ya goti.

Siku tisa nilidhani anayaogopa maji.
Kumbe anayalinda.

"Haloo? Bado upo?"
Nipo.

Asubuhi nikapeleka nusu ndoo
na kopo la maziwa ya unga.
Nikampa mgongo, kama mjomba mwenye haya,
nikanyoosha kopo nyuma yangu, nikangoja.
Ukuta ule nimeuishi tangu kuzaliwa;
sikujua una ufa wenye umbo la mjusi.
Muda ukapita. Mkono ukaniuma.
Kisha kopo likawa jepesi,
na nikasikia maji yakianguka juu ya mtu.

"Umeyatoa mbali, Mjomba?"
"Mbali," nikasema.
Bomba liko hatua kumi na moja kutoka mlangoni.

Hakumaliza. Shingo na miguu tu;
kichwa alikataa, na mchana akanitemea uji.
Nitapiga tena Alhamisi, kuna habari ya usingizi
na habari ya mlango anaotaka kuufungua usiku.

Lakini asubuhi ile, kabla hajajifunga kanga,
alinirudishia kopo, lina maji ya chini.
"Nawa uso. Usimwage."

Nikanawa.
Yaliyobaki nikawapa kuku.